Kinga na Nafuu: Dawa za Mafua katika Mitaa ya Eastlands

Ifikapo mwezi wa Juni, ukungu unapotanda juu ya mapaa ya Maringo na Jericho na jua likakawia kujitokeza hata saa nne za asubuhi, biashara mbili hushamiri katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi: ile ya mwenye duka la dawa, ambaye huvisogeza vidonge vya mafua na pipi za koo mbele kabisa ya dirisha lake la nondo, na ile ya mama mboga, ambaye tangawizi, malimau na vitunguu saumu vyake, vilivyonunuliwa Marikiti alfajiri, humalizika kabla ya sukuma wiki. Wateja wa wote wawili aghalabu ni wale wale, na haja yao ni moja: mafua yasiingie nyumbani, na yakiwa yamekwisha kuingia, yatoke upesi. Haja hizo mbili watu huzitamka kwa pumzi moja, ilhali mbele ya sayansi ni maswali mawili yaliyo mbalimbali, na jawabu la moja silo jawabu la jingine.

Mafua si maradhi ya kiumbe mmoja. Virusi viwezavyo kuyaleta vyapita aina 200, na katika hivyo jamaa ya rinovirusi peke yake ina aina zaidi ya 160, ndiyo maana mtu aliyeugua mwezi uliopita huugua tena mwezi huu bila ya mwili wake kuwa na hitilafu yoyote. Fauka ya hayo, mafua ni uele unaojiondokea wenyewe, kwa kawaida baada ya siku saba hadi kumi, na hapo ndipo palipo mtego: mgonjwa huvumilia siku tatu, akazidiwa, akanywa dawa siku ya nne wakati maradhi yamefikia kilele chake, na siku ya sita akajiona mzima. Kila alichokunywa hupata sifa, kiwe kidonge, kiwe mzizi, kiwe mchuzi wa kuku. Kwa sababu hiyo wataalamu hawauridhii ushahidi wa mtu mmoja, hata akiwa mkweli namna gani, bali huwagawa watu makundi mawili kwa kura, hawa wakapewa dawa na wale wakapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na nguvu yoyote, kisha wakahesabu.

Hesabu hiyo imeitesa sana vitamini C. Sifa zake zilienea duniani tangu mwaka 1970, pale Linus Pauling, mkemia wa Marekani aliyekwisha kutunukiwa Tuzo ya Nobel mara mbili, alipotoa kitabu cha kuihimiza katika vita dhidi ya mafua. Na neno la mtu mwenye heshima kama ile ni zito kulipinga. Hata hivyo Harri Hemilä na Elizabeth Chalker walipoyakusanya majaribio 29 yenye watu zaidi ya 11,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2013, walikuta kwamba wanaoimeza kila siku huugua sawasawa na wasioimeza, ila ugonjwa wao hupungua muda kidogo, kiasi cha asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Anayeanza kuimeza baada ya kupiga chafya hakuonyesha faida ya kutegemewa. Palikuwa na istithnai moja ya ajabu: wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa theluji, na askari waliofanyishwa mazoezi makali kwenye baridi kuu, ambao hatari yao ilipungua kwa karibu nusu. Yamkini habari hii inawahusu vijana wanaofanya mazoezi ya mbio kule Iten. Mkazi wa Kayole anayeikimbilia matatu saa kumi na moja za alfajiri, sidhani kama ametimiza sharti.

Zinki nayo yapatikana kwa bei nafuu, kwa kuwa watoto wenye kuhara hupewa pamoja na chumvi za kurudisha maji mwilini, na huko kazi yake imethibiti. Katika mafua, mapitio ya majaribio 34 yaliyotolewa mwaka 2024 yaliona kwamba haielekei kumzuia mtu asiugue. Pengine humpunguzia mgonjwa siku mbili hivi, lakini ithibati yenyewe ni dhaifu, na malipo yake ni kichefuchefu na ladha mbaya kinywani. Kitunguu saumu kinategemea jaribio moja la kutajika, lililochapishwa mwaka 2001, la watu 146 kwa wiki kumi na mbili, ambapo waliokitumia walipata mafua mara 24 na wenzao mara 65. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini jaribio moja dogo, lenye kutegemea yale ambayo watu wenyewe waliyaandika katika daftari zao, halitoshi kujengea hukumu.

Waliokuwapo Nairobi mwezi wa Machi mwaka 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa tarehe 13, wanakumbuka jinsi bei ya malimau na tangawizi ilivyopanda ghafla, na jinsi kila nyumba ilivyonuka kinywaji kile ambacho mikahawa ya mjini hukiuza kwa jina la dawa: tangawizi, limau na asali katika maji ya moto. Mwezi wa Aprili gavana wa jiji, Mike Sonko, alikwenda mbali zaidi akatangaza kwamba ndani ya vifurushi vya chakula vya maskini ataweka chupa ndogo za Hennessy, ziwe za kutakasia koo. Kampuni yenyewe, kwa uungwana usio wa kawaida katika biashara, ikajitokeza kusema kwamba kinywaji chake hakimkingi mtu na virusi. Pombe huua virusi ikiwa kali na ikiwa juu ya ngozi ya mikono. Ikishuka kooni haifuati virusi ndani ya chembe za mwili ambamo vimekwisha kujificha, na limau halivifuati pia.

Lakini katika kile kikombe cha mama mboga kuna kitu kimoja kilichofaulu mtihani, nacho ni asali. Majaribio kadhaa yameona kwamba humpunguzia mtoto kikohozi kuliko kumwacha bila ya dawa, wala haionekani kushindwa na baadhi ya dawa za maji za dukani. Sharti lake ni kwamba mtoto awe ametimiza mwaka mmoja, maana asali yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzishinda.

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi, na kujipaka Vicks au Robb kifuani, ni mambo ambayo sipendi kuyacheka, kwani mgonjwa hajidanganyi anaposema amefunguka pua. Mentholi huamsha kipokezi cha baridi katika neva, kile ambacho David Julius na Ardem Patapoutian, washindi wa Nobel ya tiba ya mwaka 2021, walikigundua kwa kuitumia mentholi yenyewe. Ubongo hupata habari kwamba hewa baridi inapita kwa wingi, ijapokuwa njia ya pua haijapanuka hata kidogo. Ni nafuu ya hisia, na mtu akipata usingizi kwa ajili yake amepata kitu. Ila mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe. Mvuke wenyewe haujathibitika kufupisha maradhi, na sufuria ya maji yachemkayo katika chumba kimoja chenye watoto wanne ni hatari kuliko mafua yenyewe.

Kuhusu vidonge vya mchanganyiko, msomaji na asome karatasi iliyomo ndani ya pakiti. Vingi vina fenilefrini ya kuzibua pua, na mwezi wa Septemba mwaka 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani liliamua kwa kauli moja kwamba ikimezwa kwa kipimo cha kawaida haifanyi kazi hiyo. Kilichobaki mle ni parasetamoli, ambayo kwa kweli hushusha homa na kutuliza maumivu, nayo huuzwa peke yake kwa fedha kidogo. Hatari ni kumeza mchanganyiko na parasetamoli pamoja, kipimo kikazidi na ini likaumia. Baya zaidi ni kununua amoksilini mbili tatu bila ya cheti cha daktari: dawa hiyo huua bakteria, virusi haiviwezi, na kazi iifanyayo ni kuwazoeza bakteria wa mwilini kuihimili.

Kama kuna kitu cha dukani kinachostahili jina la kinga, basi ni kipande cha sabuni. Katika makazi ya maskini mjini Karachi, Stephen Luby na wenzake waligawa sabuni na kuwahimiza watu kunawa, na mwaka 2005 wakaripoti kwamba nimonia ilipungua kwa nusu miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tatizo la Eastlands ni kwamba sabuni yahitaji maji, na katika majengo mengi ya Umoja na Pipeline maji huja kwa zamu, au hununuliwa kwa mtungi, hata mama akalazimika kuchagua kati ya kunawisha mikono na kuosha vyombo. Hewa nayo ina jambo lake. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ina viwanja vya wazi kati ya nyumba na nyumba. Maghorofa ya siku hizi yamesongamana hata dirisha likifunguliwa hupokea pumzi ya jirani. Na watafiti wa Kilifi, waliozifuatilia familia 47 kuanzia mwisho wa mwaka 2009 kwa kuwapima watu puani mara mbili kwa wiki, waligundua kwamba virusi vya RSV, ambavyo ni miongoni mwa vinavyoleta mafua, mara nyingi humfikia mtoto mchanga kupitia kaka au dada yake mkubwa, aghalabu mwenye umri wa kwenda shule. Kwa hiyo anayetoka shuleni na anawe kabla ya kumbeba mdogo wake, na mwenye mafua asilale naye kitanda kimoja, ikiwa kitanda cha pili kipo.

Mzazi na ajue pia kuhesabu pumzi za mtoto anapokuwa ametulia, kwa dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa aliye chini ya mwaka, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Hesabu ikifika hapo, au kifua kikibonyea kwa ndani kila anapovuta pumzi, apelekwe hospitali ya Mama Lucy Kibaki au zahanati iliyo karibu usiku huo huo, bila ya kupitia kwanza kwenye duka la dawa.