Kukwama kwa Mfumo Endeshi Mpya katika Mashini za Mtumba: Maelezo kwa Watumiaji wa Butembo na Beni

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini kompyuta ya mkononi iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika hushindwa mara nyingi kupokea mfumo endeshi mpya, na jinsi mtumiaji asiye fundi anavyoweza kutambua chanzo cha kushindwa huko kabla ya kuharibu alichonacho. Suala hili linaweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Kwetu sisi tunaofundisha na kusoma lugha, hata hivyo, lina uzito wake. Kazi za mwisho wa masomo, maswali ya mitihani, rekodi za ngano na methali zilizokusanywa vijijini, vyote hivi leo hukaa ndani ya mashini moja, aghalabu bila nakala nyingine mahali popote.

Haja ya kulieleza imeongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Kwa watumiaji binafsi ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama, kwa wale watakaojiandikisha tu. Hivyo wengi wenye mashini za zamani wamejikuta wakijaribu kuhamia Windows 11, na wengi wamerudishwa walikotoka. Bidhaa zinazofika madukani Butembo na Beni kwa njia ya Kasindi, au kwa mizigo kutoka Ulaya na Dubai, zimo mashini nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018. Umri huo, kama tutakavyoona, ndio mpaka wenyewe.

2. Maneno yatakayotumika

Kabla ya kuendelea yafaa tuelewane juu ya istilahi. Kifaa chenyewe kina majina mengi: kompyuta kwa wengi, tarakilishi au kipakatalishi katika shule za Kenya, ngamizi katika baadhi ya maandishi ya Tanzania, na kwetu mashariki mwa Kongo watu husema tu mashini. Tutatumia jina hili la mwisho, kwa kuwa ndilo msomaji atakalolisikia sokoni.

Tofauti iliyo muhimu zaidi ni ile ya kusasisha na kupandisha toleo. Kusasisha ni kutia viraka katika mfumo uleule; kupandisha toleo ni kuuondoa mfumo na kuweka mwingine mahali pake, huku mafaili na programu zikibaki. Kifaransa cha kwenye kioo hutenganisha mambo haya kwa maneno mawili, « mise à jour » na « mise à niveau », lakini katika mazungumzo yetu yote mawili huitwa kwa jina la kwanza. Uchanganyaji huu una hasara yake: mtu anayedhani anatia kiraka hawezi kujiandaa kama anayehamisha nyumba nzima.

Kiendeshi ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kusema na kifaa fulani, kama vile kioo, spika au printa. BIOS, au UEFI katika mashini mpya zaidi, ni programu ya msingi inayoamka kwanza umeme unapowashwa, kabla ya Windows yenyewe.

3. Hatua nne za kupandisha toleo

Kupandisha toleo la Windows hupitia hatua nne. Katika hatua ya kwanza mfumo wa zamani bado unatawala: programu ya usakinishaji hukagua mashini, hupakua mafaili na kuyaandaa. Katika hatua ya pili mashini hujizima na kuamka katika mfumo mdogo wa muda, ambao huweka mafaili mapya mahali pake. Hatua ya tatu ni kuamka kwa mara ya kwanza kwa mfumo mpya, nao huanza kutambua vifaa na kupokea viendeshi. Hatua ya nne ni kuamka kwa mara ya pili, ambapo akaunti na mipangilio ya mtumiaji huhamishwa.

Kosa likitokea katika hatua tatu za mwisho, mfumo wa zamani hurudishwa, na mtumiaji huoneshwa msimbo wa kosa. Wengi huufuta upesi kana kwamba ni kelele. Lakini msimbo huo una mofolojia yake. Kwa kawaida una sehemu mbili, mathalani 0xC1900101 - 0x30018. Sehemu ya kwanza hufanya kazi ya mzizi: inataja aina ya kosa. Sehemu ya pili hufanana na kiambishi cha wakati: tarakimu inayofuata herufi x huonesha hatua ambamo kosa lilitokea. Hapo juu tarakimu ni 3, yaani kuamka kwa kwanza. Na mzizi 0xC1900101 kwa kawaida huashiria kiendeshi kibovu au kisichopatana. Kwa hiyo tunasoma: mfumo mpya ulipoamka mara ya kwanza, kiendeshi fulani kiliukwamisha. Vivyo hivyo 0xC1900101 - 0x4000D ni kosa la namna hiyohiyo katika hatua ya nne.

Mizizi mingine inayofaa kukumbukwa ni 0x80070070, nafasi katika diski haitoshi. 0xC1900200, mashini haikufikia masharti ya chini. Na 0xC1900208, kuna programu isiyopatana na toleo jipya. Anayetaka maelezo marefu atayapata katika faili liitwalo setuperr.log, ndani ya folda iliyofichwa C:\$Windows.~BT\Sources\Panther. Shauri letu ni moja: msimbo unakiliwe kwenye karatasi kabla ya kubonyeza kitu chochote.

4. Vyanzo vya kushindwa

4.1 Masharti ya mashini yenyewe. Windows 11 inadai kumbukumbu ya GB 4, hifadhi ya GB 64, UEFI yenye uwezo wa kuamka kwa usalama, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Juu ya hayo, kichakataji lazima kiwe katika orodha inayokubalika. Kwa Intel, orodha hiyo huanza hasa na kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Kizazi husomwa katika jina: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-7200U ni cha saba, i5-8250U ni cha nane. Mnunuzi anayejua kusoma tarakimu hii moja ataokoa fedha zake dukani.

Kuhusu TPM, mara nyingine kimo lakini kimezimwa. Andika tpm.msc katika kisanduku cha kutafutia. Kama jibu ni kwamba hakionekani, kitafute katika mipangilio ya BIOS, ambako Intel hukiita PTT na AMD hukiita fTPM.

Wapo mafundi wanaoyakwepa masharti haya na kuiweka Windows 11 katika mashini isiyokubalika. Jambo hilo mara nyingi huwezekana, lakini Microsoft imeeleza wazi kwamba mashini ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho. Mteja anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

4.2 Diski. Mashini za mtumba hufika na diski zilizochoka, au zilizogawanywa kwa mtindo wa kale uitwao MBR, ilhali UEFI huhitaji mtindo wa GPT. Windows 10 ina zana iitwayo mbr2gpt inayobadilisha mgawanyo bila kufuta mafaili. Itangulizwe na ukaguzi, mbr2gpt /validate /allowFullOS, na nakala ya akiba iwe imekwisha kufanywa. Diski inayotoa sauti ya kugonga, au ambayo amri ya chkdsk hugundua sehemu mbovu kila inapopita, haifai kupandishiwa toleo: ibadilishwe kwanza.

4.3 Viendeshi na vifaa vya nje. Kabla ya kuanza, chomoa printa, modemu, flashi na diski za nje. Ondoa programu ya kupambana na virusi isiyo ya Windows yenyewe. Kisha tafuta viendeshi vipya katika tovuti ya kampuni iliyounda mashini.

4.4 Saa. Jambo hili ni dogo, tena husahauliwa. Betri ndogo iliyo kwenye ubao wa ndani ikifa, kila mashini inapokosa umeme tarehe hurudi miaka mingi nyuma. Vyeti vya usalama vya intaneti hupimwa kwa tarehe. Mashini inayoamini kwamba tuko mwaka 2015 huviona vya leo kuwa si halali, na upakuaji hukataliwa. Tazama saa kabla ya kulaumu mtandao.

4.5 Upakuaji. Faili zima la Windows 11 huzidi GB 5. Kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo, huo ni mzigo, na kukatika kwa mtandao huacha faili pungufu. Ni busara idara nzima ipakue faili moja kutoka tovuti rasmi, ilihakiki, kisha igawane kwa flashi. Kuhakiki hufanywa kwa amri certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na SHA256. Mfuatano wa herufi na tarakimu utakaotokea lazima ulingane na uliochapishwa na kampuni. Faili lisilolingana litupwe, hata kama limegharimu usiku mzima.

4.6 Umeme. Katika miji yetu umeme wa jenereta, wa jua na wa mitambo midogo ya maji hukatika bila taarifa. Betri nzima ni kinga; lakini betri ya mtumba haiaminiki kwa macho. Amri powercfg /batteryreport hutoa taarifa yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa namba ya pili haifiki hata nusu ya ya kwanza, usianze kupandisha toleo pasipo chanzo kingine cha umeme. Kukatika wakati wa hatua ya pili ndiko kunakoacha mashini isiyoamka upande wowote, si wa zamani wala mpya.

5. Kufuli la mwenyewe wa kwanza

Hatari kubwa kuliko zote tunaitaja peke yake. Mashini nyingi zilizokuwa za makampuni, na nyingi za watu binafsi pia, zina diski iliyosimbwa kwa BitLocker. Mtumiaji hajui, kwa kuwa mashini huamka kama kawaida. Lakini anapobadilisha kitu katika BIOS, kwa mfano kuwasha TPM au kubadili namna ya kuamka, diski hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya yule aliyeiandaa mashini, naye huenda ni mfanyabiashara wa Kampala au mfanyakazi wa Ubelgiji asiyejulikana kabisa. Pasipo ufunguo, mafaili yamekwenda, na hakuna fundi awezaye kuyarudisha.

Kwa hiyo kabla ya kugusa BIOS, andika manage-bde -status katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Kama diski imesimbwa, ama isimbue kabisa, ama unakili ufunguo kwenye karatasi na kusimamisha kinga kwa muda.

6. Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na yaliyotangulia, tunapendekeza mpangilio huu. Kwanza, fanya nakala mbili za kazi zako, na moja kati yake isikae nyumba moja na mashini. Katika eneo la Beni, ambako mashambulizi dhidi ya raia tangu Oktoba 2014 yamewafanya watu wengi kukimbia makwao kwa ghafla, shauri hili halihitaji utetezi. Pili, kagua kizazi cha kichakataji, TPM, nafasi ya diski, BitLocker, saa na betri. Tatu, rekebisha mfumo wa zamani kwa amri sfc /scannow, kwa kuwa mfumo mbovu haupandi vizuri. Nne, chomoa vifaa vya nje na uanze. Tano, ukishindwa, nakili msimbo, usome, urekebishe jambo moja tu, kisha ujaribu tena. Anayerekebisha mambo matano kwa mkupuo hatajua ni lipi lililoponya. Na ukifaulu lakini mashini ikawa nzito, unazo siku 10 za kurudi katika mfumo wa zamani kwa njia ya mipangilio.

Je, mashini isiyotimiza masharti itupwe? La. Mashini ya kizazi cha sita yenye kumbukumbu ya GB 8 hutumika vizuri na Ubuntu au Linux Mint. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, imeahidiwa masasisho ya miaka mitano. Kwa uandishi ipo LibreOffice. Ikumbukwe kwamba Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilijengwa juu ya OpenOffice, programu ambayo baadaye ilizaa LibreOffice.

7. Hitimisho

Tumeonesha kwamba kushindwa kwa mfumo endeshi mpya si bahati mbaya wala uchawi wa mashini. Kuna hatua nne, kila hatua ina makosa yake, na mashini yenyewe hutaja kosa kwa msimbo unaosomeka. Kinachobaki ni kazi yetu ya kiisimu. Mwanafunzi anayesoma onyo kwa Kifaransa cha kiufundi, akalieleza kwa fundi kwa Kiswahili cha mitaani, na kujibiwa kwa Kinande, hupoteza sehemu ya maana katika kila daraja anayovuka. Idara ya lugha ikitunga orodha fupi ya istilahi hizi, ikabandikwa katika maabara ya kompyuta na kupelekwa kwa mafundi wa mjini ili waijaribu, itakuwa imefanya jambo la manufaa: huenda siku moja ikawa sababu ya kazi ya miaka mitatu ya mtu kutopotea.