Kuutafuta Ukoo Uliokatika Njiani

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea hebu chukua karatasi na kalamu. Andika jina la baba yako, la baba yake, na la baba wa huyo. Kisha ufanye vivyo hivyo kwa upande wa mama. Nilipowapa wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili zoezi hili, wengi walikwama wasipige hatua walipofika kwa nyanya wa mama zao. Wachezaji wa Arsenal tunawajua mmoja mmoja hadi wale wa akiba, lakini aliyemzaa bibi yetu, wapi! Na hali Kiswahili chenyewe kimetuwekea ngazi za kupandia: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Lugha iliyo na neno la kizazi cha tano haikulitunga kwa mchezo.

Mimi ni kilembwekeza wa mtu ambaye jina lake la kuzaliwa halikuandikwa popote. Nyumbani kwetu ni Kisauni, upande wa Frere Town. Jina letu la ukoo ni la Kizungu, ingawa hakuna Mzungu hata mmoja katika jamaa zetu. Kakangu alipokwenda kuomba kitambulisho aliulizwa kabila, akajibu kama tulivyozoea, akaambiwa, "Hapana, nataka asili yenu hasa. Wazee wenu walitoka wapi?" Akatumwa arudi na mzee. Babu alikwenda naye, wakasaidiwa baada ya kuzungushwa siku kadhaa, lakini tangu siku ile babu hakutaka kulizungumza jambo hilo. Hapo ndipo nilipoazimia kutafuta jibu. Niliyoyapata, na jinsi nilivyoyapata, ndiyo ninayotaka kuwaeleza, maana kuna wenzetu wengi hapa shuleni wenye mafundo kama haya, tena si watu wa Pwani peke yao.

Kwanza historia kidogo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Aliyekuwa ametumwa kutoka London kuusukuma mkataba huo ni Sir Bartle Frere. Biashara haikufa siku ile, la hasha. Kwa vile bahari ilikuwa ikilindwa, misafara ilianza kuwaswaga watu kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, hata Sultani akalazimika kutoa amri nyingine mwaka 1876. Manowari za Waingereza nazo zilikuwa zikikamata majahazi. Sasa watu waliotolewa humo wapelekwe wapi? Kwao, mathalani ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ni mbali na njiani kuna watekaji wale wale. Basi wamishonari wa C.M.S. wakapata ardhi Kisauni, mkabala na kisiwa cha Mombasa, na kuanzia 1875 wakawapokea hapo watu waliookolewa. Mahali pakaitwa Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle. Mnara wa kengele ungalipo pale njia panda ya Nyali, na ndio uliolipa eneo lile jina la Kengeleni.

Wengine walikuwa wametangulia. Kuna waliookolewa wangali watoto wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudishwa Afrika. Hao waliitwa Wabombei. Jacob Wainwright, mmoja wa walioufuatana na mwili wa David Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874, alikuwa mwanafunzi wa Nasik. Rabai nako, ambako Krapf na Rebmann walianza kazi yao mwaka 1846, kulijaa watoro waliowakimbia mabwana zao, hata tarehe 1 Januari 1889 Kampuni ya Waingereza ikalazimika kuwalipa mabwana hao fidia na kuwapa watoro hati za uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Hapa nitoe dukuduku langu. Tunafundishwa methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Ni methali nzuri, nami nimeiandika katika insha zaidi ya mara moja. Lakini wazee wetu hawakuiacha asili; walinyakuliwa kutoka kwayo wakiwa na umri wa miaka saba au minane, wakavikwa majina mapya walipobatizwa. Jina la mtoto liliweza kuwa la mmishonari, au la mfadhili fulani wa huko Uingereza ambaye hakuwahi kuiona Mombasa. Ndiyo maana majina ya Kizungu yamejaa kwetu. Anayewacheka wenye majina hayo hajui anachokicheka.

Haya, kazi yenyewe huanzaje? Mwalimu mlezi wa chama chetu alinishauri nianze na walio hai kabla sijakimbilia makaratasi, kwa sababu makaratasi hayafi. Ni ushauri wa maana sana. Ukienda kwa mzee usimwulize, "Asili yetu ni wapi?" Swali hilo ni kama mlango uliofungwa, atakujibu "Sijui" na mambo yakaishia hapo. Mwulize alilelewa na nani, nani alimfundisha kupika, waliimba nini mtoto akilia, nani hakuruhusiwa kuoa nani, watu walizikwa upande gani. Andika neno lolote usilolielewa kama unavyolisikia. Ukiwa na simu mrekodi, lakini mwombe ruhusa kwanza.

Shida inayofuata ni ya miaka. Wazee wetu wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Hapa ndipo wenzangu wa chama walipokuwa walimu wangu, kila mtu na maarifa ya kwao. Rafiki yangu mmoja kutoka Machakos alinieleza kuwa Wakamba huhesabu kwa njaa. Mtu akikwambia bibi yake alizaliwa wakati wa Ngomanisye, basi ni kati ya 1897 na 1899; akitaja Nikw'a Ngwete, hiyo ni 1984. Mwenzetu Mbukusu alitaja marika ya tohara: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, ambayo huzunguka na kurudi baada ya karibu miaka mia moja. Lazima ujue ni mzunguko upi, la sivyo utamzeesha babu yako kwa karne nzima! Wakikuyu nao wana utaratibu wa majina: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Kwa hiyo ukiyajua majina ya watoto kwa mpangilio unaweza kuyapata ya mababu bila hata kuuliza. Na Wajaluo, orodha yao ya fulani mwana wa fulani ndiyo iliyomsaidia Profesa Bethwell Ogot kukadiria miaka ya uhamiaji katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu Waluo wa kusini. Alihesabu vizazi kama tunavyohesabu pingili za muwa.

Sisi wa Frere Town hatuna njaa za majina wala marika. Lakini nilijifunza kutumia vipimo hivyo hivyo kwa namna yetu: vita vya 1914, homa kuu ya 1918, nzige, mwaka fulani aliyekuwa mchungaji.

Baada ya wazee ndipo tukayaingia makaratasi, na makaratasi, ndugu msomaji, husema uwongo bila kupepesa macho. Babu ana mkebe wa zamani wa biskuti. Ndani yake tulikuta kipande cha baba yake. Kipande ni ile hati ambayo serikali ya kikoloni, kwa sheria ya 1915 iliyotekelezwa baada ya vita, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuibeba, aghalabu ikiwa katika kikasha cha bati shingoni. Kwenye kipande hicho kabila limeandikwa "Rabai". Kitambulisho cha babu mwenyewe kinasema "Mswahili". Na katika kitabu cha ubatizo tulichoonyeshwa kanisani, mtu wetu wa kwanza, aliyebatizwa miaka ya 1880, ameandikwa "Nyasa". Karatasi tatu, makabila matatu, damu moja! Karani aliandika alivyosikia, au alivyotaka, au alivyoambiwa na mtu aliyeona heri aonekane wa hapa kuliko kuulizwa maswali. Usiiamini hati moja peke yake. Ziweke pamoja uulize kila moja iliandikwa na nani, lini, kwa faida ya nani.

Hata hilo neno "Nyasa" halikuwa jibu kamili. Pwani hii mtu yeyote aliyetoka pande za lile ziwa aliweza kuitwa Mnyasa, awe Myao, Mchewa au mwingineo. Ni kama mgeni akikuuliza kwenu wapi nawe ukamjibu, "Bara."

Fundo lilifunguliwa na mtu ambaye sikumtarajia, msichana wa kidato cha pili, Mdigo kutoka Kwale. Alikuwa akiutazama mti wa ukoo niliouchora ubaoni, akauliza, "Mbona umeandika wanaume watupu?" Akatueleza kuwa Wadigo wa zamani waliuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mali ya mtu ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Nilipokwenda kusoma zaidi nikakuta kwamba Wayao na wengi wa watu wa pande za Ziwa Nyasa nao huufuata ukoo wa mama. Kumbe nilikuwa nikiuchimba mzizi upande usio na maji.

Wikendi hiyo nikaenda kwa dadake babu, bibi wa miaka themanini na ushei, ambaye siku hizi hatoki kitandani. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza, kwa kuwa wazee wa ukoo walihesabiwa kuwa ni wanaume. Nikamwuliza kuhusu wanawake tu. Alinitajia wanne mfululizo, mama kwa mama, bila kusita! Wa mwisho alimtaja kwa jina ambalo si la Kizungu wala la Kikristo. Akasema yule mama alikuwa akimwita mjomba wa mtoto kwa neno "mwenye watoto", kwa sababu kwao mjomba ndiye mwenye sauti. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Bibi aliomba libaki nyumbani kwanza, nami namheshimu. Lakini babu alipolisikia kutoka kwenye simu yangu aliniomba nilirudie mara tatu. Kisha akaenda kuleta kitabu cha daftari akaniamuru niandike na tarehe.

Msaada mwingine tuliupata Rabai, kwa mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinakili majina ya familia za huko. Tulikaa naye mchana kutwa tukilinganisha orodha yake na yetu. Aliyesimamia ubatizo wa mtu wetu alikuwa mama wa upande wake! Watu waliookolewa pamoja mara nyingi walikuwa wakisimamiana ubatizo na harusi, na wengine wakiitana ndugu maisha yao yote kwa kuwa hawakuwa na ndugu wengine. Kwa hiyo usiyatazame jina la mtu wako pekee katika kitabu; nakili na mashahidi. Na ukienda kwa mtafiti mwenzako usiende mikono mitupu ukitaka kuchota tu. Mpe nawe ulichonacho, uwe mwaminifu kumtaja kila unapotumia alichokupa, na picha za watu umrudishie.

Wanaotaka kwenda mbele zaidi, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa benki zamani. Huko kuna ripoti za wilaya za wakati wa ukoloni. Barua za wamishonari wa C.M.S. zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Kuna wenzetu wanaouliza habari za kupima DNA. Vipimo hivyo hukulinganisha na watu waliokwisha kupimwa, na waliopimwa kutoka Afrika ni wachache, basi utapata eneo pana kwenye ramani. Jina la bibi yako hutalipata kwenye mate.

Tuliyo nayo sasa ni haya: mtoto aliyetolewa jahazini au safarini, akaitwa Mnyasa, akabatizwa miaka ya 1880, mke wake ambaye kwao walimheshimu mjomba, na jina moja. Kijiji hatujakijua. Mwalimu wa Rabai anadhani jina lile ni la Kiyao, nami sitaki kulishikilia kabla ya kumpata msemaji wa lugha hiyo anayeweza kulisikiliza.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna mtu wa asili ya Tunduru, Masasi au Malawi anayesema Kiyao, tafadhali niambie. Pia wale ambao wazee wao walikaa Rabai, Ribe au Jomvu, leteni majina mnayoyajua, hata kama ni mawili matatu, na hasa majina ya akina mama. Chama hukutana kila Ijumaa baada ya masomo katika darasa la kidato cha tatu. Madaftari ya kunakilia tunayo, na bibi bado ana nguvu ya kuzungumza asubuhi.