Siki ya Tembo: Chombo Kipumue, Nyumba Ipumue



Mnazi una faida nyingi. Hutupa nazi, makuti, makumbi na mafuta. Mnazi hutupa pia siki. Siki hutiwa katika achari, katika kachumbari na katika samaki. Watu wa Ufilipino, wa Sri Lanka na wa Goa huko Bara Hindi wametengeneza siki ya mnazi tangu zamani.

Hapa Chukwani, kusini ya mji wa Unguja, minazi ipo. Mwenye minazi anaweza kutengeneza siki ya kutumia nyumbani. Lakini ataiweka wapi? Nyumba zimekaribiana na vyumba ni vichache. Ni rahisi kufunga dumu, kulisukuma chini ya kitanda na kulisahau. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

TEMBO HUGEUKAJE SIKI?

Mgema hukata ncha ya karara changa la mnazi, akakinga maji yake. Maji hayo ni matamu kwa sababu yana sukari. Hamira ya asili, ambayo hatuioni kwa macho, huanza kula sukari hiyo. Kwa saa chache tu tembo hutoa povu na kuanza kuwa kali.

Tembo kali likiachwa wazi, vijidudu vingine huligeuza kuwa siki. Katika miaka ya 1860 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai. Viumbe hao wanahitaji hewa. Huchukua wiki kadhaa kumaliza kazi yao.

Basi tukumbuke mambo mawili. Tembo linapochachuka, hewa hutoka. Siki inapofanyika, hewa huingia. Chombo kilichofungwa kabisa huzuia yote mawili.

HATARI YA KWANZA: CHUPA KUPASUKA

Hewa inayotoka katika tembo huitwa hewa ukaa. Ikifungiwa ndani ya chupa hujikusanya na kusukuma. Mwisho chupa hupasuka, na vigae huruka kama mawe. Vinaweza kutoboa jicho la mtoto.

Kwa hiyo usikaze kizibo. Jaza chombo robo tatu tu, ili povu lipate nafasi. Funika mdomo wake kwa kitambaa chepesi na safi, kama melimeli, kisha funga kwa uzi. Hewa itapita, lakini inzi na vumbi havitapita.

HATARI YA PILI: HEWA MBAYA CHUMBANI

Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Hushuka na kutulia chini. Mtungi mmoja mdogo katika chumba chenye madirisha wazi hauna neno. Lakini mapipa mengi yakiwekwa katika kichumba kilichofungwa, hewa hiyo inaweza kumzimisha mtu, hata kumwua. Aliye chini ndiye hupatwa kwanza. Nani hulala chini, juu ya mkeka? Mara nyingi ni watoto.

Kwa hiyo usichachushe chochote katika chumba cha kulala. Chagua banda la uani au ukumbi wenye upepo. Pawe na dirisha juu na tundu chini karibu na sakafu, ili hewa nzito ipate njia ya kutoka. Ukimkuta mtu ameanguka ndani ya chumba cha namna hiyo, usikimbilie ndani peke yako. Fungua mlango na madirisha kutoka nje, na uite watu.

HATARI YA TATU: JIKO LA MKAA

Siki ikiwa tayari, huchujwa na kupashwa moto ili isiendelee kuchachuka. Kazi hii ifanywe nje. Mvuke wa siki huwasha macho na kifua.

Zaidi ya hayo, mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha huzimia. Akiwa usingizini anaweza kufa bila kuamka. Usiingize jiko la mkaa ndani na kufunga mlango, hata kama mvua inanyesha. Mwenye dalili hizo atolewe nje haraka na apelekwe hospitali.

HATARI YA NNE: CHOMBO KIBAYA

Siki ni kali. Hula bati, shaba na alumini, na madini hayo huingia katika chakula. Tumia chupa za kioo au dumu la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya chakula. Usitumie kamwe dumu lililokuwa na dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya taa. Hata ukiliosha mara kumi, sumu inaweza kubaki.

Osha vyombo kwa sabuni, kisha visuuze kwa maji yaliyochemshwa. Mwaka 1978 kipindupindu kilizuka Zanzibar, na tangu hapo kimerudi mara kadhaa. Maji machafu ni njia yake.

Usiweke siki na mafuta ya taa katika chupa zinazofanana. Andika SIKI juu ya chupa, kwa herufi kubwa. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Hapa elimu yako inaweza kuokoa maisha. Lakini mtoto mdogo hajui kusoma. Mafuta ya taa yafungiwe mbali naye, na yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia katika mapafu. Mpeleke hospitali mara moja.

ONYO

Tembo kali lina kileo. Asipewe mtoto. Tena mtu asijaribu kulipika na kukinga mvuke wake ili apate pombe kali. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe haramu iliyokuwa na sumu ya methanoli. Wengine walipofuka. Ulimi hauwezi kuitambua sumu hiyo.

UTAJUAJE KUWA SIKI IMEHARIBIKA?

Siki nzuri hunuka ukali na huwa chachu. Utando laini juu yake si kitu kibaya. Lakini ukiona ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, mwaga yote. Usionje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini tusikaze kizibo cha chupa ya tembo?
2. Nyumbani kwako ni mahali gani penye upepo wa kutosha kwa kazi hii?
3. Chupa za mafuta ya taa huwekwa wapi nyumbani kwako? Je, mtoto anaweza kuzifikia?

Swali la tatu usilijibu kwa mdomo tu. Nenda nyumbani leo ukatazame.