Ukuta wa Nyuma ya Jiko

Akina mama wa Ruaha wanayajua masizi ya aina mbili. Yapo yale yanayoletwa na upepo mashamba ya miwa yanapochomwa kabla ya kuvunwa, nayo hupita. Yapo na yale ya nyumbani, yaliyogandamana na mafuta ya kukaangia ukutani nyuma ya jiko. Hayo hayapiti. Mende huyapenda, vumbi hunata humo, na mara nyingine hudondokea ndani ya uji wa mtoto.

Nyumba nyingi za kwetu ni za matofali ya kuchoma. Tofali tupu halisafishiki hata ukisugua kutwa, kwa kuwa mafuta huingia kwenye vitundu vyake. Ndiyo maana wengine hubandika nailoni, maboksi au magazeti. Ndugu wasomaji, tunawaomba msifanye hivyo. Nailoni ikishika moto hudondosha matone yanayowaka, na karatasi hupandisha moto hadi kwenye paa kabla hamjapata ndoo ya maji. Msitumie pia vipande vya mabati ya zamani ya asibesto. Vikikatwa au kutobolewa hutoa vumbi linaloleta saratani ya mapafu, tena baada ya miaka mingi, mtu ameshasahau.

Kwa gharama ndogo, sisi tunapendelea niru. Fundi apige lipu, na kabla haijakauka apake saruji tupu iliyokorogwa na maji, ailainishe kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Ipite upana wa jiko kila upande, na ipande hadi mkono wa mama unapofika. Kisha inyunyiziwe maji kwa siku 7 isipasuke. (Fundi mwenye haraka atasema hakuna haja. Msimsikilize.) Baada ya hapo kitambaa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni vinatosha, mradi mfute kabla mafuta hayajaganda.

Mkitaka rangi ya mafuta juu yake, ngojeni kama siku 28, maana saruji mbichi huila rangi ikabanduka. Chagueni kopo lililoandikwa kwamba halina madini ya risasi. Karibu na mafiga msiipake kabisa, moto utaivimbisha. Marumaru ni nzuri zaidi kwa mwenye uwezo, lakini uchafu hukaa kwenye viungio, hivyo kubwa na laini ni bora. Kwa ukuta wa udongo, chokaa inafaa. Haifutiki, bali hupakwa upya. Jihadharini isiingie machoni.

Masizi yaliyofika ukutani yamepita pia vifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Mkakati wa Serikali wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa sasa wengi wetu bado tuko kwenye kuni na mkaa. Basi ukuta mpya ukiwa mweusi ndani ya wiki moja, msimlaumu fundi wa niru. Acheni nafasi kati ya ukuta na paa, fungueni dirisha, na kuni zikaushwe vizuri kabla ya kuwashwa.