Jina Chini ya Picha: Kutumia Picha Huria za Gisenyi

Anayetafuta picha huria ya Gisenyi, mji wa Rwanda kando ya Ziwa Kivu, yaani picha ambayo mwenye hakimiliki amewaruhusu watu wote kuitumia kwa masharti aliyoyatangaza, hana budi kukumbuka kwamba mji huo umeandikwa kwa majina kadhaa: Kissenji kwa Wajerumani, Kisenyi wakati wa Wabelgiji, na sasa Rubavu, jina la wilaya. Tofauti hizo si jambo dogo, kwa maana mwaka 2008 Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ujerumani, ilianza kuipatia Wikimedia Commons, ghala la picha huria lililoanzishwa mwaka 2004, picha zaidi ya 80,000, zikiwemo za enzi ya ukoloni, pamoja na maelezo yake ya asili ya Kijerumani.

Picha ikishapatikana, leseni yake isomwe katika ukurasa ilikopakiwa mara ya kwanza, kwa sababu kichujio cha leseni katika mtambo wa kutafuta hurudia tu kile ambacho tovuti imejitangazia. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwanza Desemba 2002, hutambulika kwa herufi: BY humlazimu mtumiaji kumtaja mwenye picha, SA humtaka aitoe kazi iliyotokana na picha hiyo kwa leseni ileile, NC huzuia matumizi ya kibiashara, na ND huzuia kusambaza picha iliyobadilishwa. Mwenye hoteli kando ya Ziwa Kivu anayepamba tangazo lake kwa picha ya volkano ya Nyiragongo yenye herufi NC amekwisha kuvunja sharti, hata akiliandika jina la mpiga picha kwa wino mzito.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuandika "Picha: Intaneti", maneno yasiyomtaja mtu yeyote, ilhali aliyepanda volkano hiyo ya mita 3,470 na kamera begani hakudai ujira mwingine ila jina lake. Picha iliyotolewa na MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ikiwa imepunguzwa kingo, ingetajwa hivi: "Nyiragongo. Picha: MONUSCO/Flickr, CC BY-SA 2.0, imepunguzwa kingo", na chanzo pamoja na leseni viunganishwe na kurasa zake. Picha za NASA, zinazoonyesha kutoka angani jinsi Gisenyi na Goma, mji jirani wa Kongo, zilivyoshikana ufukweni, kwa kawaida hazina hakimiliki nchini Marekani, lakini shirika hilo huomba litajwe.

Aliyesahau kutaja jina, ikiwa picha ina leseni ya toleo la 4.0 la mwaka 2013, hurejeshewa haki ya kuitumia akirekebisha ndani ya siku 30 tangu agundue kosa. Matoleo yaliyotangulia, likiwemo lile la 2.0, hayana msamaha huo.