Gemu za Video: Wepesi, Papara na Kazi za Akili

Papara, kama wanavyoielewa wanasaikolojia, ni mwelekeo wa kutenda kabla ya kupima matokeo. Hujitokeza kwa sura tatu. Ya kwanza ni kushindwa kujizuia: kidole kinabonyeza, na mwenyewe anatambua baadaye kwamba hakupaswa kubonyeza. Ya pili ni kutovumilia kusubiri, kama pale mtu anapochagua shilingi elfu tano za leo badala ya elfu kumi za mwezi ujao. Ya tatu ni kukata shauri mapema, taarifa zikiwa bado pungufu. Gemu za video zimelaumiwa kwa kuchochea sura zote tatu. Wakati huohuo zimesifiwa kwa kunoa umakini, kumbukumbu na wepesi wa kuamua. Lawama na sifa hizo zote zina tafiti za kuziunga mkono. Zinapatana pale mtu anapoangalia aina ya gemu, muda unaotumika, na tabia aliyokuwa nayo mchezaji kabla hajashika pedi.

Chanzo cha wasiwasi ni namna gemu zinavyogawa tuzo. Pointi, goli, silaha mpya au kupanda ngazi huja baada ya sekunde au dakika chache, na mara nyingi mchezaji hajui zitakuja lini hasa. Mwaka 1998 watafiti wa London walipima ubongo wa wanaume wanane waliokuwa wakicheza gemu ya kuendesha kifaru. Waligundua kwamba kemikali iitwayo dopamini, inayohusika na hamu na matarajio ya tuzo, iliongezeka katika sehemu ya ndani ya ubongo, na iliongezeka zaidi kwa waliocheza vizuri. Ongezeko hilo peke yake si dalili ya ugonjwa, kwa kuwa dopamini hufanya kazi pia mtu anapokula au anapojifunza jambo jipya. Lakini sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo breki ya matamanio, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia umri wa miaka 25. Ndiyo maana mjadala mwingi unawahusu watoto na vijana.

Ushahidi wa faida ulianza kusikika sana mwaka 2003, pale Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walipochapisha utafiti wao katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba vijana wanaocheza gemu za mapigano ya kasi huona vitu vingi zaidi kwa mara moja, na hufuatilia vizuri zaidi kinachojitokeza pembezoni mwa macho. Ili kuhakikisha kwamba si suala la wenye macho makali kupenda gemu, waliwachukua watu wasiocheza na kuwafundisha. Kundi moja lilicheza gemu ya vita ya Medal of Honor saa moja kwa siku kwa siku kumi, na jingine likacheza Tetris. Waliocheza gemu ya vita ndio walioboreka zaidi katika vipimo vya umakini wa macho.

Swali lililofuata lilikuwa kama wepesi huo unanunuliwa kwa papara. Golikipa anayewahi mpira si sawa na yule anayeruka kabla ya kujua unakoelekea, ingawa kwa mtazamaji wa mbali wote wawili wanaonekana wana kasi. Mwaka 2009 Matthew Dye, pamoja na Green na Bavelier, walitumia kipimo ambacho mhusika hubonyeza anapoona alama fulani na kujizuia anapoona nyingine. Wachezaji wa gemu za kasi walijibu upesi zaidi, lakini hawakukosea zaidi ya wenzao wasiocheza. Kwa hiyo kasi na papara ni vitu viwili tofauti. Hata hivyo, utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha wachezaji wa aina mbalimbali za gemu, na ukaona kwamba wapenzi wa gemu za kufyatua risasi kwa mtazamo wa mshika bunduki walikuwa wepesi kujibu lakini dhaifu zaidi katika kujizuia. Gemu moja hutuza kungoja na kupanga, nyingine hutuza anayefyatua kwanza, na zote mbili huitwa gemu.

Utafiti mkubwa kuhusu watoto ulitoka mwaka 2022, ukiongozwa na Bader Chaarani wa Chuo Kikuu cha Vermont. Ulitumia taarifa za takriban watoto 2,000 wa Marekani wenye umri wa miaka tisa na kumi. Waliocheza saa tatu au zaidi kwa siku walilinganishwa na wasiocheza kabisa. Katika jaribio la kwanza mtoto alibonyeza kitufe kufuata mshale, lakini mara nyingine ishara ya ghafla ilimtaka asibonyeze. Katika la pili alitakiwa kusema kama picha anayoiona ndiyo iliyopita picha mbili nyuma. Wachezaji walifanya vizuri zaidi katika yote mawili, na picha za ubongo zilionyesha tofauti katika maeneo ya umakini na kumbukumbu. Hata hivyo, alama zao za matatizo ya umakini na huzuni zilikuwa juu kidogo kuliko za wenzao, ingawa hazikufikia kiwango cha kuitwa ugonjwa. Watafiti walisisitiza pia kwamba kipimo cha siku moja hakiwezi kuthibitisha kwamba gemu ndizo zilizoleta uwezo huo.

Ili kujua kipi kinasababisha kipi, watu wanapaswa kufuatiliwa kwa muda mrefu. Douglas Gentile na wenzake walifanya hivyo nchini Singapore kwa watoto na vijana 3,034 waliofuatiliwa kwa miaka mitatu, na matokeo yakatolewa mwaka 2012. Waliocheza saa nyingi zaidi walionekana baadaye kuwa na papara na matatizo ya umakini zaidi, hata baada ya kuzingatia hali waliyoanza nayo. Na waliokuwa na papara tangu mwanzo waliishia kucheza saa nyingi zaidi. Athari inakwenda pande zote mbili: mtoto mwenye papara huvutwa na gemu, na saa nyingi za gemu humzidishia papara aliyokuwa nayo.

Kwa watu wazima, jaribio la taasisi za Ujerumani lililoongozwa na Simone Kühn linatoa picha tulivu zaidi. Washiriki walicheza kila siku kwa miezi miwili. Baadhi walipewa Grand Theft Auto V, yenye ukatili mwingi, wengine The Sims 3, isiyo na ukatili, na kundi la tatu halikucheza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha mabadiliko ya maana katika ukali, uvumilivu wa kusubiri tuzo, kupenda hatari wala uwezo wa kujitawala. Mtu mzima aliyekomaa habadilishwi kirahisi na miezi miwili ya gemu.

Sifa nazo zina mipaka. Mwaka 2018 Giovanni Sala na wenzake walikusanya na kuchambua tafiti nyingi za mafunzo kwa gemu, na kuona kwamba faida yake kwa uwezo wa jumla wa akili ni ndogo sana. Mchezaji huboreka katika kile ambacho gemu inakidai, na manufaa hayo hayavuki kwa urahisi hadi kwenye hesabu au insha ya shuleni. Gemu zilizobuniwa kwa lengo maalumu zimefanikiwa zaidi. Mwaka 2013 maabara ya Adam Gazzaley huko San Francisco ilionyesha kwamba wazee wa miaka 60 hadi 85 waliofanya mazoezi kwa gemu ya kuendesha gari huku wakitambua alama za barabarani waliboresha umakini wao, na faida ikadumu miezi sita. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha EndeavorRx, gemu ya kwanza kuandikwa na daktari, kwa watoto wenye tatizo la umakini na utulivu.

Papara hupata mwanya mpana zaidi pale pesa inapoingia. Gemu nyingi za bure za simu huuza visanduku ambavyo mnunuzi hajui kilichomo hadi alipe, utaratibu unaofanana na kamari. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitangaza kwamba visanduku vya aina hiyo vinavunja sheria yake ya kamari. Tafiti za wakati huo zilikuta kwamba wanaotumia pesa nyingi kununua visanduku hivyo ndio pia wenye matatizo makubwa ya kamari.

Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: mtu hawezi kudhibiti uchezaji wake, gemu inatangulia mbele ya shughuli nyingine za maisha, na anaendelea kucheza hata inapomletea madhara. Kwa kawaida hali hiyo lazima iwe imedumu miezi 12 na kuharibu masomo, kazi au uhusiano wa mtu na wenzake. Saa nyingi peke yake hazitoshi kumfanya mtu kuwa mgonjwa.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ana gemu kwenye simu, au anapitia kwenye kibanda cha gemu cha mtaani akitoka shule, vigezo hivyo ni mwongozo bora kuliko kuhesabu dakika. La kuangaliwa kwanza ni kama mtoto anaweza kuacha anapoambiwa, kama usingizi na masomo vimebaki salama, gemu yenyewe inatuza nini, na kama malipo ya ndani ya gemu yamefungwa. Mtoto aliyekuwa na papara tangu awali anahitaji mipaka mapema zaidi kuliko ndugu yake mtulivu. Uraibu ukishaingia, tiba inayotumika zaidi ni mazungumzo na mtaalamu yanayomfundisha mhusika kutambua kinachomvuta na kubadili mazoea yake, pamoja na kutibu tatizo la umakini au huzuni iliyotangulia.