Tangi la samaki wa bahari: maji angavu si lazima yawe salama

Mwanafunzi wa madrasa anayesoma mlango wa tohara katika fiqhi ya Kishafi hufundishwa jambo ambalo macho hulipinga. Maji yaliyobadilika rangi kwa sababu ya mwani ulioota humo humo hubaki tohara na hutawadhiwa, kwa kuwa ni vigumu kuyakinga nao. Lakini maji machache, yasiyofika qullatayn, yakidondokewa na mkojo hunajisika hata kama yanang'aa. Familia inayoanza kufuga samaki wa bahari ndani ya tangi la kioo inalihitaji somo hilo, kwani tangi jipya huua samaki likiwa angavu.

Kufuga kwenyewe kunaruhusiwa. Maulamaa wametoa dalili katika kisa cha Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake, wala Mtume (SAW) hakumkataza. Sharti lake tunalijua kutokana na hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Samaki naye amefungiwa, na hawezi kwenda kujitafutia maji mengine.

Kwa mkazi wa Saza, Mkoa wa Songwe, ambako bahari iko mbali sana, maji hayo hutengenezwa nyumbani. Chumvi ya jikoni haitoshi, hata ile nzuri ya Uvinza. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina nyingi, zikiwamo za magnesi, kalsi na potasi. Hununuliwa chumvi maalumu ya matangi. Maji ya kuichanganyia yasitekwe kwenye vijito vya machimbo ya dhahabu, ambako zebaki hutumika.

Adui wa kwanza haonekani. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni hatari, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kuenea kwenye mawe na kichujio. Katika muda huo tangi lisitiwe samaki. Hutiwa kipande cha kamba kioze humo, na maji hupimwa kwa vipimo vya matone mpaka amonia na nitriti zifike sifuri. Hapo ndipo huingizwa samaki mmoja, si watano, hata watoto wakililia.

Katika wiki hizo hizo mchanga hufunikwa na vumbi la kahawia. Huo ni mwani mdogo unaokula silika iliyomo majini. Silika ikipungua, nao hutoweka wenyewe. Baadaye huja nyuzi za kijani. Mwenye nyumba hushikwa na ari ya usafi: huyamwaga maji yote, huosha mawe na kichujio kwa maji ya bomba yenye klorini, na wengine hutia dawa ya kuua mwani. Nionavyo, ari hiyo imeua samaki wengi kuliko mwani wenyewe. Klorini huangamiza wale bakteria waliosubiriwa mwezi mzima, na dawa zenye shaba huua konokono na kamba, ambao wangeula mwani bila malipo.

Mwani unaozidi hupunguzwa kwa kuunyima riziki. Chakula kiwe kile kinachomalizwa kwa dakika mbili. Kila wiki sehemu moja ya kumi ya maji ibadilishwe. Tangi likae mbali na dirisha la jua, na katika miezi ya mwanzo taa iwashwe baada ya Alasiri na kuzimwa baada ya Isha, saa ambazo familia ipo nyumbani kuwatazama samaki.

Maji yanayopungua kwa kukauka hujaziwa kwa maji baridi, si ya chumvi. Mfano wake ni Ziwa Rukwa, jirani yetu: Mto Songwe na mingine huingia, hakuna unaotoka, jua hukausha maji na madini hubaki, ndiyo maana maji yake yana magadi. Tangi linalojaziwa maji ya chumvi kila siku hufuata njia hiyo hiyo, ila kwa wiki chache tu. Umeme ukikatika, samaki huanza kukosa hewa kabla chakula hakijawa tatizo. Pampu ndogo ya betri inunuliwe pamoja na tangi.